Emilia alijua leso iko wapi

Katika Othello, mchezo wa Shakespeare, mna jawabu moja fupi, maneno mawili tu ukiliweka kwa Kiswahili, na mimi nnaamini mchezo mzima umekaa juu yake. Desdemona kapoteza leso aliyopewa na mumewe, leso ya kudarizi, mumewe kamuusia asiiachie hata siku moja, sasa anahangaika nayo, anamgeukia Emilia, mwanamke anaemtumikia na ambae ndo mtu wake wa karibu pekee pale kisiwani Saiprasi, anamuuliza nimeiangusha wapi mimi leso ile, na Emilia anajibu: sijui, bibi. Uongo. Kaiokota yeye mwenyewe, kampa mumewe Iago, askari wa Othello, ambae siku nyingi alikuwa anamshikilia amuibie. Na dakika ile ile Othello anaingia, anaitaka leso, anawaka, anauliza tena na tena leso iko wapi, Emilia kasimama pale pale anaona ugomvi wote kwa macho yake na hasemi kitu. Othello akishatoka, anachokisema Emilia ni kuwa wanaume ndo walivyo, wanatula mpaka washibe.

Sasa muulize mtu yeyote aliyepita darasa la fasihi kwetu huku Othello inahusu nini, atakujibu hujamaliza hata suali: wivu. Makbeth je? Tamaa. Mfalme Lear, kupenda kusifiwa. Mfalme Edipode, kiburi. Ukija kwenye futuhi, michezo ya kuchekesha, ni vivyo hivyo, Harpagon wa Molière ni ubahili, Malvolio wa Shakespeare ni kujiona, basi, funga daftari. Tumefundishwa kuukata mchezo mapande, fani huku maudhui huku, ndani ya maudhui kuna dhamira na migogoro na ujumbe na falsafa na msimamo, ndani ya fani kuna wahusika, na kila mhusika anapewa sifa zake tatu nne na mfano wa kuthibitisha. Simlaumu mwalimu, darasa limejaa na mtihani unakuja, na mwanafunzi anataka kitu cha kushika. Lakini matokeo yake ni kwamba watu wanatoka skuli wanaamini kila tanzia, yaani mchezo unaoishia msiba, ni kisa cha mtu mmoja mwenye ugonjwa mmoja wa moyo, na wengine wote jukwaani wamekuja kumshuhudia akifa nao.

Mimi naona hapana. Kasoro zenyewe ni zile zile pande zote mbili. Wivu uko kwenye tanzia na uko kwenye futuhi, ubahili hivo hivo, upumbavu wa baba mzee anaetaka kutiiwa ndo kabisa, umejaa kwa Molière kama ulivojaa kwa Lear. Ingekuwa kasoro ndo inaua basi na Harpagon angekufa, na hafi, anarudishiwa kijisanduku chake cha pesa na mambo yanakwisha. Kinachoamua mchezo uende wapi ni kitu chengine: nani anaujua ukweli, je anausema, akisema anasikilizwa, na umefika saa ngapi. Hata Aristotle, mwanafalsafa wa Wagiriki wa kale, ambae watu wanamtupia huu mzigo wa kasoro, alichosema ni kwamba mtu wa tanzia si mwema kupindukia wala si muovu, na kinachomwangusha ni kosa fulani, tena alisema wazi kwamba mpangilio wa matukio ndo roho ya tanzia na tabia za wahusika zinakuja nafasi ya pili. Sisi tumeipindua, tabia imekuwa ya kwanza na matukio yamekuwa mifano ya kuithibitisha tabia.

Rudi kwenye Othello uangalie sehemu ya kwanza, ile ya Venisi usiku, maana watu wanaipita haraka kufikia kwenye wivu. Pale Othello ndo mtuhumiwa. Baba yake Desdemona, mzee Brabantio, mkubwa wa serikali, kamshtaki kwamba kamroga binti yake, kwa sababu haiwezekani binti wa kizungu wa nyumba kubwa ampende mtu mweusi kwa akili zake timamu. Kesi inapelekwa kwa mtawala wa Venisi usiku ule ule. Mtawala anamwambia mzee kwamba kudai tu si ushahidi. Othello anaomba jambo moja, binti mwenyewe aitwe aulizwe mbele ya baba yake. Anaitwa, anakuja, anazungumza kwa heshima, anamwambia baba yake mimi nna wajibu kwako kwa kunizaa na kunilea lakini nna wajibu na kwa mume wangu kama mama yangu alivyokuwa nao kwako. Kesi imekwisha, Othello kaokoka. Ukiukata mchezo pale una futuhi kamili mkononi, vijana wanapendana, baba anakataa, ukweli unasemwa barazani, vijana wanashinda. (Ni kweli mtawala alikuwa na haja zake, merikebu za Waturuki zilikuwa zinaelekea Saiprasi na yeye anamtaka jemadari wake, kwa hivo tusimfanye malaika. Lakini alisikiliza.)

Sasa nenda mwisho kabisa, chumbani. Desdemona kaamshwa usingizini, anaambiwa kampa leso Cassio, msaidizi wake Othello. Anasema sijampa, mwite aulizwe. Ni neno lile lile aliloliomba Othello kule Venisi. Utaratibu ule ule uliomuokoa yeye, mtuhumiwa asikilizwe na shahidi aitwe, mkewe anauomba na yeye anaukataa, anamwambia Cassio keshakiri, na mdomo wake umeshazibwa. Na Cassio hajakiri chochote wala hajafa, yuko nje kajeruhiwa mguu. Desdemona anaomba aachwe mpaka kesho, hapati, anaomba nusu saa, hapati, anaomba dua moja tu, anaambiwa muda umepita, na Othello anamziba pumzi. Halafu mlango unagongwa. Emilia ndo anafika.

Mimi kwa hapo siwezi kukubali mtu aniambie kwamba huu ni mchezo wa wivu. Wivu upo, hakuna anaebisha, lakini wivu ni moto tu na moto unazimwa kila siku kwenye nyumba za watu. Sisi tuliosoma chuoni tunajua Suratun Nur aya ya 4 inasema nini, anaewasingizia wanawake watwaharifu asilete mashahidi wanne huyo ni viboko thamanini. Wanne, wa macho. Othello kaletewa leso moja na ndoto ambayo Iago anadai kamsikia Cassio akiiota, akahukumu na akatekeleza mwenyewe usiku huo huo, hakimu yeye, shahidi hayupo, mtuhumiwa hasikilizwi. Kiongozi yule yule ambae akikuta askari wake wanapigana usiku anasimamisha kila kitu na kuuliza nani kaanza.

Na kuna jambo jengine hapa ambalo nadhani watu wetu wanalihisi upesi. Ukimsimulia bibi yeyote wa Ng'ambo au wa Wete kisa hiki, suali lake la kwanza litakuwa nani alipeleka posa. Ndoa ya siri, wazee hawakukaa, baba kaambiwa usiku na watu wanaopiga kelele mtaani. Simtii lawamani binti, baba yake asingekubali hata angeombwa kwa mwaka mzima na sababu tunaijua, lakini angalia inavyofanya kazi kwenye mchezo. Likitokea la kutokea Desdemona hana wa kumuendea. Hana somo wake, hana shangazi, hana kaka, baba yake baadae tunaambiwa kafa kwa huzuni. Yuko kisiwani kwenye kambi ya jeshi, mchezo mzima una wanawake watatu tu, yeye na Emilia na Bianca, hawara wa Cassio. Na mshenga? Mshenga alikuwepo kumbe! Othello mwenyewe anakiri mbele ya Iago kwamba siku za uchumba alikuwa akienda na kurudi baina yao ni Cassio. Mtu pekee anaeijua ndoa hii tokea mwanzo, ambae kwetu ndo angeitwa wa kwanza kukaa na mume na mke, ndo huyo huyo Iago kamchagua amfanye mwizi. Iago hakubahatisha. Kamuondoa Othello msuluhishi kabla ya kumpelekea ugomvi.

Ndo mana nasema Iago mtu anamkosea akimwandikia sifa "mnafiki, mchochezi" akaendelea mbele. Kazi yake hasa ni kukaa katikati ya watu wasizungumze wao kwa wao. Cassio akitaka kumuomba radhi Othello anaambiwa usende moja kwa moja, pitia kwa mkewe. Roderigo, kijana mwenye pesa anaemtaka Desdemona, akitaka kumpa vito, vinapita kwa Iago, havifiki. Emilia akitaka kuuliza leso ya nini, anaambiwa nyamaza hujui kitu. Kila mazungumzo yanapita kwake. Ana mistari mingi kuliko Othello mwenyewe ambae jina lake ndo liko juu ya mchezo, na ukishaanguka ule mtego wote, neno lake la mwisho ni kwamba kuanzia sasa hasemi tena.

Sasa nataka uuweke pembeni yake mchezo mwengine wa Shakespeare huyo huyo, alioandika miaka michache tu kabla, kwenye 1598 hivi, Much Ado About Nothing, mchezo wa Beatrice na Benedick kule Messina. Othello tunajua ilichezwa mbele ya mfalme Novemba 1604. Kwa hivo mtu mmoja, mkono mmoja, kama miaka sita imepita baina yao, na kisa ni kimoja. Msichana msafi, Hero, yuko karibu kuolewa. Mtu mwenye kijicho, Don John, anapanga asingiziwe. Ushahidi wa uongo unaandaliwa, usiku dirishani anasimamishwa Margaret, mtumishi wa Hero, na mwanamme anaitwa Borachio, bwana harusi Claudio anaoneshwa kwa mbali, anaamini. Siku ya pili mbele ya watu, harusini, kanisani, anamrusha msichana kama chakavu. Baba yake mzazi anageuka nae, anasema bora afe. Mpaka hapo hakuna tofauti yoyote, Claudio kadanganywa na jicho kama Othello, ana wivu kama Othello, tena kwa maoni yangu Claudio ni mtu mdogo zaidi, Othello angalau ana ukubwa wa nafsi, huyu kijana hana kitu. Ingekuwa kasoro ndo inaamua, Hero angezikwa kweli.

Lakini Hero ana watu. Binamu yake Beatrice mwaka mzima kalala nae kitanda kimoja, isipokuwa usiku ule tu, na hata hivo anasema palepale huyu kasingiziwa. Padri aliyekuja kuwaozesha kakaa kimya muda wote akimtazama usoni, anasema mimi nimeziona rangi zikija na kuondoka kwenye uso wake na naapa hana kosa. Anashauri itangazwe Hero kafa kwa muda ili watu wapate nafasi ya kufikiri. Ndo hiyo nusu saa ambayo Desdemona aliinyimwa. Na Benedick, rafiki wa Claudio, rafiki wa damu, anamuuliza Beatrice suali moja, unaamini moyoni mwako Claudio kamdhulumu? Beatrice anajibu ndio, na Benedick anaamini neno la mwanamke juu ya macho ya wanaume wawili wakubwa. Nnapenda sana hapo. Wakati ule Beatrice keshamwambia amuue Claudio, na watu kwenye ukumbi mara nyingi wanacheka kwa kushtuka, halafu kicheko kinawakauka kwa sababu hatanii.

Na walinzi wa usiku! Mkuu wao Dogberry ni mtu asiyeweza kusema sentensi moja ikanyooka, kila neno kubwa anaweka siko. Watu wanamkumbuka kwa vichekesho vyake. Lakini walinzi wake ndo waliomkamata Borachio usiku ule ule akijisifia alivofanya, ina maana ukweli ulikuwa umeshapatikana kabla ya harusi. Asubuhi Dogberry anakwenda nyumbani kwa baba wa Hero kumpa khabari, na mzee ana haraka, kavaa nguo za harusi, watu wanamsubiri, na Dogberry anazunguka zunguka na maneno yake yasiyofika, mzee anamwambia kamhojini nyinyi wenyewe, anaondoka zake. Ukweli ulimfika mpaka mlangoni umevaa nguo za mtu duni asiyejua kusema na mzee akauambia njoo baadae. Mchezo ule ulikuwa umebakisha hatua moja kuwa tanzia na kilichouzuia si wema wa mtu yeyote, ni kwamba wale walinzi waliendelea kusema mpaka wakasikilizwa.

Nimeona nisisitize hili kwa sababu tunazidharau futuhi. Ikija tamthilia ya kulia tunaiona ndo fasihi, ikija ya kucheka tunasema kiburudisho. Chukua Tartuffe ya Molière. Ilichezwa mara ya kwanza 1664 mbele ya mfalme wa Ufaransa, ikapigwa marufuku, mpaka 1669 ndo ikaruhusiwa kuchezwa kwa watu wote, kwa sababu inamuonesha mtu anaejifanya mchamungu akaingia nyumbani kwa Orgon akamteka akili, akakaribia kumuoa binti na kumchukua mke, na nyumba akaandikiwa kabisa. Sihitaji kueleza sana kwa nini mtu wa popote anaielewa. Nani anasema ukweli katika nyumba ile? Dorine, mtumishi. Tokea mwanzo anamwambia bwana wake usoni kwamba huyu ni tapeli, anakatizwa, anarudia, anataka kupigwa, anarudia. Na mke wa Orgon, Elmire, akiona maneno hayafai anamuingiza mumewe chini ya meza, anamwita Tartuffe, anamuacha azungumze. Mume anasikia kwa masikio yake.

Sasa kumbuka Othello nae alifichwa. Iago kamsimamisha pembeni aangalie Cassio akizungumza, na Cassio anacheka kuhusu Bianca, Othello anaona kicheko, maneno hayapati vizuri, anaamini anachekwa yeye na mkewe. Mume kafichwa katika michezo yote miwili. Aliyemficha Orgon ni mke wake na alitaka asikie. Aliyemficha Othello ni adui yake na alitaka aone tu. Mimi hapa naona uchambuzi wa wahusika ungeanzia, nani kamsimamisha huyu mtu hapo alipo na anamruhusu kusikia nini, kabla hujaniandikia kwamba Orgon ana sifa ya upumbavu.

Mfalme Edipode ni kesi ngumu zaidi na wala sitaki kuilazimisha. Tunayo kwa Kiswahili tokea 1971, kazi ya Samuel Mushi ambae alitutafsiria na Makbeth. Edipode hafanani na Othello hata kidogo katika hili, yeye anataka kujua, anauliza, anauliza mpaka mkewe Yokasta anamuomba kwa Mungu aache kuuliza. Vipi mtu huyu ukamwandikia kiburi ukaridhika? Anatafuta muuaji ili watu wake wapone na maradhi, na akijua kwamba muuaji ni yeye hajifichi. Ila na hapa yuko shahidi aliyenyamaza. Yule mchungaji mzee, mtu pekee aliyenusurika siku mfalme wa zamani alipouawa njia panda, aliporudi mjini akamkuta Edipode kakaa kitini, alimshika mkono Yokasta akaomba apelekwe shamba, mbali, asiuone tena mji. Sofokle, mtunzi wake Mgiriki, kalipitisha hili kwa mistari michache tu. Miaka yote ile watoto wanne wanazaliwa ndani ya jumba lile, mtu mmoja alikuwa anajua nani kamuua mfalme, yuko shamba na mifugo, na mtu wa kawaida kama yule angesema nini, kwa nani, nani angemuamini na angelala wapi usiku ule. Simlaumu. Lakini ondoa ukimya wake mchezo wote haupo.

Kwenye Makbeth hali ni mbaya zaidi maana kila mtu anajua. Banquo, jemadari mwenziwe Makbeth, anashuku mapema nani kamuua mfalme na anayaweka moyoni kwa sababu na yeye kaahidiwa kitu. Mume na mke waliokuwa wanapanga pamoja wanaacha kuambiana, mume akitaka kumuua Banquo anamwambia mkewe wewe kaa usijue. Mpaka mwisho mke anautembea usiku usingizini akisema kila kitu kwa sauti, na anaemsikia ni tabibu, na tabibu anasema nna ninayoyafikiri lakini sithubutu kuyasema. Hapo ndo tamaa ya mtu mmoja imeshakuwa nchi nzima iliyofunga mdomo.

Futuhi basi inahitaji pahala na siku ambapo watu wameruhusiwa kusema, na hili kwetu si geni. Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa watu wanatoka na migomba wanachapana pande mbili, wanawake wanazunguka wanaimba, yanasemwa siku ile mambo ambayo siku nyengine yangekuwa kesi, halafu kibanda kinachomwa moto na mwaka unaanza. Athene nao futuhi zao zilichezwa kwenye sikukuu ya mungu wao, na siku hiyo mtunzi alimtaja mtu kwa jina lake hai hai, Aristofane alimuweka mwanafalsafa Sokrate jukwaani mwaka 423 kabla ya Kristo na Sokrate yuko hai mjini, tena Plato anaonesha kwamba miaka mingi baadae mbele ya mahakama Sokrate aliutaja mchezo ule kama chanzo cha maneno mabaya juu yake. Kwa hivo sisemi kwamba kuruhusiwa kusema siku zote ni kheri. Kinachosemwa kwa kicheko kinaweza kuua pia, polepole.

Na futuhi yenyewe haiwasikilizi wote. Malvolio, yule msimamizi wa nyumba anaedanganywa kwa barua ya uongo mpaka akavaa soksi za manjano akidhani bibi yake anampenda, anafungiwa chumba cha giza, anaambiwa ni mwendawazimu, anapiga kelele kwamba ana akili zake na hakuna anaemsikiliza mpaka mwisho, na akitolewa anaondoka akiapa kulipiza kwa wote. Wenziwe wengi wanaoana. Kila nikiusoma ule mwisho naona Shakespeare kaacha tanzia ndogo ndani ya futuhi makusudi, kwa mtu mmoja aliyenyimwa kile walichopewa wenziwe. Shylock wa Mabepari wa Venisi ni vivyo hivyo, ambae tumemsoma kwa Kiswahili cha Nyerere tokea 1969, ila huyo anataka makala yake peke yake.

Ukija kwa waandishi wetu, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969, wengi tunaijua. Huyu tanzia yake ni ya aina nyengine kabisa. Kinjeketile alisema, akasikilizwa, akasikilizwa mno, neno la maji likamtoka mikononi likawa la watu na watu wakenda vitani kabla yeye hajawaambia tayari. Mwisho yuko kifungoni, anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo apone na mateso, anakataa, kwa sababu anajua watoto watakuja kuambiwa baba zao walikosea kupigania nchi yao. Hebu mwandikie huyo kasoro. Ukimwandikia "kung'ang'ania" umemtukana.

Haya mambo kisiwani kwetu si ya jana. Mwaka 1867 Askofu Steere, hajawa askofu bado, alichapisha hapa hapa Unguja kijitabu cha hadithi za Shakespeare kwa Kiswahili, alizozitoa kwenye masimulizi ya Charles na Mary Lamb. Karne na nusu imepita. Tuna Ngome Kongwe na ngazi zake za kukalia, tuna vijana wa maigizo Unguja na Pemba ambao wanaweza, na tuna watazamaji waliokulia barazani ambao wanajua kusikiliza ugomvi wa mtu na mkewe na kupima nani mkweli. Mchezo wa Othello ungechezwa pale kwa Kiswahili watu wangempigia kelele Emilia aseme.

Na kwa walimu wenzangu wa fasihi mnaotunga mitihani, suali la "taja sifa tano za Othello" liacheni lipumzike. Mpe mwanafunzi kurasa mbili, ile ya Desdemona akiuliza leso yake iko wapi na ile ya Dogberry mlangoni kwa mzee mwenye haraka, umwambie: hapa kuna watu wawili wanaoujua ukweli, mmoja kakaa kimya na mmoja kafukuzwa. Eleza kila mmoja alikuwa anaogopa nini au anakosa nini, nani alikuwa na uwezo wa kumsikiliza, na mchezo ungekwenda wapi kama wangebadilishana nafasi. Alama ishirini.